Tesitura: Wimbo Unakaa Wapi?

Hakuna noti iliyotushinda, na hilo ndilo lililotutatiza. Wimbo wa Pasaka ulikuwa kwenye solfa, doh ni A, na sauti ya kwanza haikutakiwa kuvuka so ya juu, noti ambayo hata binti aliyejiunga na kwaya juzi anaifikia bila kukunja uso. Mazoezini tuliwapima mmoja mmoja, wote wakaigusa. Lakini wimbo una beti sita, na kufika ubeti wa nne mama zetu wa soprano wakaanza kuteremka, robo ya toni kwanza, kisha nusu, kinanda kikabaki juu peke yake kama abiria aliyesahauliwa kituoni. Mwalimu wa kwaya akadai hawavuti pumzi ya kutosha. Mzee mmoja wa besi akadai wamezidisha chai ya maziwa. Mama aliyeimba soprano miaka mingi kuliko umri wa mwalimu mwenyewe akajibu kwa upole: "Mwalimu, kufika tunafika. Ila wimbo wenyewe hautupi nafasi ya kushuka."

Waimbaji wa opera wangemwelewa papo hapo, kwa kuwa wana neno moja linalobeba lalamiko lake lote. Kwa Kiitaliano ni tessitura. Tukiliandika kwa matamshi yetu ni tesitura. Maana yake ni ile sehemu ya ngazi ya sauti ambamo wimbo, au sauti ya mwimbaji, hushinda muda mwingi. Neno la kushika hapo ni "muda". Kila wimbo una noti yake ya juu kabisa na ya chini kabisa, na umbali kati ya hizo mbili ndio masafa ya wimbo. Masafa yanakueleza wimbo unafika wapi. Tesitura inakueleza unashinda wapi. Mtu anaweza kufika Moshi kila Desemba kusalimia wakwe, na bado asiwe mkazi wa Moshi.

Chukua nyimbo mbili za kubuni, zote zinaanzia doh ya chini na kuishia doh ya juu. Ya kwanza inazunguka mi, fa na so, halafu kwenye neno la mwisho la kiitikio inaruka kugusa doh ya juu na kurudi. Ya pili inaruka mapema hadi la, inabaki ikicheza kati ya la, ti na doh, na kukumbuka doh ya chini mwishoni tu. Masafa ni yaleyale, oktavi moja. Mwimbaji atakayeimba ya kwanza mara tatu mfululizo ataenda nyumbani akipiga mluzi. Atakayeimba ya pili mara tatu ataomba maji ya uvuguvugu. Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, chukua penseli, uhesabu kila noti inapigwa kwa mapigo mangapi, ujumlishe. Pale mapigo yanaporundikana ndipo ilipo tesitura. Niliufanyia hivyo wimbo wetu wa Pasaka usiku uleule, nikakuta zaidi ya nusu ya mapigo ya soprano yako kwenye mi, fa na so za juu. Mama yule hakuhitaji penseli.

Koo lina sababu zake za kulalamika. Nyuzi za sauti hufunga na kufunguka mara nyingi zaidi kadiri noti inavyopanda, na hesabu yake inatisha kidogo. Besi akishika A ya chini, nyuzi zake zinakutana mara 110 kwa sekunde. Tena akishika A iliyo juu ya C ya kati, ni mara 440. Ile so ya mama zetu, doh ikiwa A, ni E yenye mitetemo karibu 659 kwa sekunde, maana yake dakika moja tu ya kuishikilia ni mikutano inayokaribia 40,000. Juu ya hayo, ili noti ipande lazima misuli midogo ya koo izivute nyuzi zirefuke na kukaza, na noti isiposhuka misuli hailegei. Kunyoosha mkono darasani ili mwalimu akuone si kazi. Kazi ni kuuacha umenyooka kipindi kizima kwa sababu mwalimu anajifanya hakuoni.

Wala si lazima tesitura iwe juu ndipo ichoshe. Kila sauti ina daraja lake, mahali inapohama kutoka namna moja ya kutoa noti kwenda nyingine. Kwa tena wengi daraja hilo liko kati ya E na G zilizo juu ya C ya kati. Kuna tena wanaofurahia kupaa juu ya daraja na kutulia huko, lakini ukiwaandikia wimbo unaosimama darajani penyewe, hauvuki wala haurudi, wanachoka kuliko wangepanda zaidi. Na upande wa pili, soprano aliyelazimishwa kuimba chini muda mrefu hupotelewa na mng'ao wa sauti kabla hajafika kwenye noti zake.

Neno lenyewe lilianzia kwa wafumaji. Tessere kwa Kiitaliano ni kufuma, na tessitura ni ufumaji, au hata kiwanda cha kufumia. Mzizi wake wa Kilatini ndio uleule uliozaa jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa kile tunachokiita matini: maneno yaliyofumwa. Waitaliano husema pia tessitura ya mchezo wa kuigiza, wakiwa na maana ya jinsi visa vyake vilivyofumana. Wanamuziki nao wakaiona sauti ikipita kwenye mistari ya noti kama uzi, ikijaa mahali fulani na kupwaya mahali pengine, wakalichukua neno. Wafaransa walilivika tessiture, Wajerumani Tessitur, Waingereza wakalichukua bila kulibadilisha hata herufi.

Njia rahisi kwa mfasiri ingekuwa kuwafuata Waitaliano hadi kwenye kitanda cha mfumi. Msamiati tunao: kuna mtande, nyuzi zinazotangulia kutandazwa, na mshindio, uzi unaokatiza. Nakiri nililipenda neno mtande kwa siku kadhaa. Lakini mwambie mwanakwaya "ufumaji wa sauti" uone atakachoelewa: sauti nne zinavyoingiliana, alto ikipita chini ya soprano, tena ikijibu besi. Hilo ni jambo zuri, ila si hili. Sitiari ya Waitaliano imekwisha kufa mdomoni mwao, haimkumbushi mwimbaji wa Milano nguo yoyote. Tukiifufua sisi itatembea na kwenda kusikokusudiwa.

Kabla ya kutafuta neno jingine, tuone kwanza neno hili linafanya kazi gani kule kwao, maana istilahi hujulikana kwa kazi yake.

Msikilizaji wa kawaida wa opera huhesabu vilele. Katika Filimbi ya Ajabu ya Mozart, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Septemba 1791, watu husubiri Malkia wa Usiku apande hadi ile F ya juu sana, noti ambayo Mozart aliiandika akimjua mwimbaji wake, Josepha Hofer, shemeji yake. Ni kilele cha kweli, lakini ni cha kupita: noti fupi, inayodonolewa na kuachwa. Anayetaka kujua tesitura ni nini aachane na Malkia, amsikilize Conte di Luna katika Il trovatore ya Verdi, ya mwaka 1853. Luna ni baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tena na besi. Katika wimbo wake wa mapenzi wa sehemu ya pili hakuna noti ambayo baritoni mzuri hana. Tatizo ni kwamba melodia inapanda kwenye dari la sauti yake na kukaa huko, polepole, kwa utulivu, kana kwamba huko ndiko nyumbani. George Bernard Shaw, ambaye kabla ya kuwa mtunzi maarufu wa tamthilia alikuwa mhakiki wa muziki London, alimlaumu Verdi kwa tabia hiyo: kuchukua vipande vya juu kabisa vya sauti ya mtu na kuvifanya ndiyo sauti yake ya kila siku. Hadi leo waimbaji husema "baritoni wa Verdi" kama aina ya sauti inayojitegemea, na kinachomtenga na wenzake si noti moja ya ziada juu. Ni uwezo wa kuishi karibu na dari.

Kutoka hapo tunaelewa kwa nini waalimu wa sauti hawampi mwanafunzi jina la tena au baritoni kwa kuuliza tu anafika wapi. Wote wawili wanaweza kufika G. Plácido Domingo alipokwenda kujaribiwa katika opera ya taifa ya Meksiko mwaka 1959 alijitambulisha kuwa baritoni. Waliomsikiliza wakamwambia wewe ni tena. Akawa tena kwa karibu nusu karne, kisha mwaka 2009 huko Berlin akaimba Simon Boccanegra, nafasi ya baritoni. Carlo Bergonzi naye alianza kama baritoni kabla ya kuhamia kwenye utena mwaka 1951. Koo ni lilelile. Kilichohama ni mahali sauti inapojisikia kwao.

Kuna wakati nafasi yenyewe ndiyo inayohamishwa. Rosina katika Kinyozi wa Seville, opera ya Rossini iliyoanza Roma mwaka 1816, aliandikiwa Geltrude Righetti-Giorgi, mwanamke mwenye sauti nzito ya kontralto. Soprano wa baadaye wakaipenda nafasi hiyo kupita kiasi. Hawakuweza kuishi chini namna ile, basi wakaupandisha ule wimbo wake maarufu nusu toni, kutoka E hadi F, na kuutia mapambo juu. Rosina wa kontralto ni msichana mjanja anayezungumza kwa chini chini. Rosina wa soprano ni ndege. Nusu toni na mapambo machache vimebadilisha tabia ya mtu jukwaani, na mimi, kwa ladha yangu, namtaka yule mjanja.

Inawezekana pia tesitura ikapanda bila mtu kuandika noti mpya. A tunayoimbia leo ni mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Zamani haikuwa hivyo. Kipo chuma cha ncha mbili, cha kugongwa ili kitoe noti ya kuanzia, kinachohusishwa na Händel na mwaka 1751. A yake ni 422.5. Katika karne ya 19 okestra zilishindana kung'ara, zikawa zinapandisha kidogo kidogo, waimbaji wakawa wanalia, hadi serikali ya Ufaransa ikaingilia mwaka 1859 na kuweka 435, baada ya ushauri wa kamati ambayo Rossini na Berlioz walikuwa wajumbe wake. Verdi naye aliunga mkono 432 nchini Italia miaka ya 1880. Serikali kuingilia kati kwa ajili ya koo za watu si jambo dogo. Kati ya chuma cha Händel na kinanda cha umeme cha kanisani kwetu kuna zaidi ya thuluthi mbili za nusu toni, kwa hiyo kila Krismasi tunapoimba ile Haleluya yake, soprano wakipanda ngazi moja moja huku wakishikilia noti ndefu, wanaishi ghorofa ambayo mtunzi hakuwajengea.

Na wapo watunzi waliojua wanachofanya na hawakujali. Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, huwaweka soprano wa kwaya kwenye A ya juu vipimo kwa vipimo, kiasi kwamba wanakwaya wa dunia nzima huitaja kwa hofu ya heshima. Waliokuwa soprano na alto wa mbele siku hiyo walikuwa Henriette Sontag, mwenye miaka 18, na Caroline Unger, mwenye miaka 20. Schindler, aliyekuwa katibu wa Beethoven, anasimulia kwamba mabinti hao walimwomba apunguze noti za juu, akakataa, na Unger akamwita mtesaji wa koo za watu. Schindler si shahidi wa kuaminiwa kila neno, alipenda kuremba. Hili hata hivyo, aliyewahi kuimba kazi hiyo hatalipinga.

Sasa neno letu. Masafa limekwisha kushika kazi nyingine, na kulifanya libebe maana zote mbili ni kurudi kulekule kwa mwalimu anayeuliza "mnafika au hamfiki?" Upeo ni mwisho wa jambo, ni kilele cha Malkia wa Usiku. Kimo kinafaa kwa noti moja, ila hakina muda ndani yake. Makao yalinivutia, kisha nikasikia masikioni "makao makuu" na kuona bendera na mlinzi getini. Maskani nayo, ukiitaja Zanzibar au Dar es Salaam, watu wanaona vijana kwenye benchi na kahawa.

Lakini angalia kitenzi kilicho nyuma ya makao. Kukaa. Kwa Kiswahili mtu hukaa kitini, hukaa Tabata, hukaa siku tatu, na nguo humkaa. Vitendo vinne kwa kitenzi kimoja, na tesitura inavihitaji vyote. Sauti inatua mahali. Inaishi hapo. Inadumu hapo, na huo ndio muda tuliousisitiza tangu mwanzo. Mwisho ni lile la fundi cherehani, ambalo Waitaliano kwa ufumaji wao wote hawakulipata: wimbo unaweza kumkaa mwimbaji au usimkae. Shati linaweza kuwa na kipimo sahihi cha shingo na mkono, bado likakuvuta kwapani kila unapopumua. Ndivyo ilivyo kwa nafasi ya opera yenye masafa unayoyaweza na tesitura isiyo yako.

Kwa hiyo ninapendekeza mkao. Mkao wa wimbo ni pale noti zake zinaposhinda. Mkao wa sauti ni pale koo la mtu linapostarehe. Na hivyo viwili vikilingana, wimbo umemkaa. Luna ana mkao wa juu. Rosina wa Rossini ana mkao wa chini, Rosina wa soprano amepandishwa mkao. Baritoni na tena wanaweza kulingana masafa wakatofautiana mkao. Sentensi hizi zinasomeka bila kuhitaji maelezo mabanoni, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha istilahi.

Pingamizi moja lina uzito. Waalimu wa kwaya tayari hutumia mkao kwa mwili: simama wima, mabega chini, usiegemee benchi. Mwanafunzi akiambiwa "rekebisha mkao" atanyoosha mgongo. Sioni kama ni hatari kubwa, mradi anayesema ataje mkao wa nini, wa mwili au wa wimbo, kama tunavyosema mguu wa mtu na mguu wa meza na hakuna aliyewahi kuivalisha meza kiatu. Anayeandika kitabu cha nadharia ya muziki anaweza pia kuiweka tesitura mara ya kwanza, aieleze, kisha aendelee na mkao. Neno la kigeni litamsaidia msomaji siku atakapofungua kitabu cha noti cha kigeni. La kwetu litamsaidia Jumamosi jioni kwenye mazoezi.

Sisi tulilitumia Jumamosi iliyofuata. Nikamwonyesha mwalimu hesabu zangu za penseli, akazitazama kwa muda, akamtazama yule mama, kisha akashusha wimbo toni mbili: doh ikawa F. Soprano waliimba beti zote sita na kuomba wa saba. So yao ya juu sasa ilikuwa C, wakawa wanaichezea. Furaha hiyo haikufika benchi la nyuma. Besi wetu kwenye wimbo ule wanarudi doh ya chini karibu kila mwisho wa mstari, na doh hiyo, ilipokuwa A, kila mmoja aliitoa kwa kifua. Ilipokuwa F ilikuwa ndiyo F ileile ambayo Mozart alimpa kuhani Sarastro kuwa noti yake ya chini kabisa, katika opera ileile ya Malkia. Kati ya besi saba, waliosikika ni wawili. Yule mzee wa chai ya maziwa alifunga daftari lake la solfa taratibu, akauliza kama na upande wao kuna mtu mwenye penseli.